Njugu mawe ni ndugu wa kunde, karanga ni ndugu wa mninga

Swali: Nina shamba dogo Masasi. Napanda karanga, njugu mawe na kunde, na bondeni penye unyevu naweka maharage kidogo. Mwanangu aliyemaliza kidato cha nne anasema karanga na njugu mawe ni ndugu, kwa sababu zote zinazalia chini ya udongo. Tena anasema kunde zangu zimeharibiwa na maharage, maana mwaka huu katika kunde nyeupe nimekuta punje zenye madoadoa mekundu. Je, ni kweli zimechanganyika? Na katika mimea hii, nani hasa ni ndugu wa nani?

Jibu: Dada yangu wa Masasi, nianze na la kukutoa wasiwasi. Maharage hayajazigusa kunde zako. Hayawezi, hata ukiyapanda shimo moja nazo na nyuki wakashinda humo kutwa. Madoadoa uliyoyaona yana chanzo kingine, na mwishoni nitakueleza jinsi ya kukitafuta wewe mwenyewe bila kumlipa mtu. Lakini umeuliza nani ni ndugu wa nani, na hilo ndilo swali nililoishi nalo kazini miaka mingi, kwa hiyo univumilie nilijibu polepole.

Mwanao ameona sawasawa kwamba zote mbili zinazalia chini. Kosa liko katika alichokihitimisha. Njugu mawe ni ndugu wa kunde, jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za karibu: kunde ni Vigna unguiculata, njugu mawe ni Vigna subterranea. Karanga, yaani Arachis hypogaea, ni ya ukoo mwingine kabisa ndani ya jamii ya mikunde. Ukitaka kumjua ndugu yake wa karibu kati ya mimea ya kwenu, usitazame shambani, tazama kitanda unacholalia. Kama ni cha mninga, umemlalia ndugu wa karanga. Na mpingo ambao Wamakonde wanauchonga vinyago, nao uko katika ukoo huo huo, nyuma kidogo ya mninga. Njugu mawe iko mbali na karanga kuliko mninga ulivyo.

Najua linasikika kama hadithi. Karanga haifiki hata kiunoni, mninga unapasuliwa mbao. Lakini kimo ni kitu chepesi kubadilika katika ukoo wa mimea. Ukoo mmoja unaweza kuwa na miti, vichaka na majani ya msimu mmoja. Vitu vinavyobadilika kwa shida ndivyo vinavyotuonyesha nasaba, na baadhi yake unaweza kuvishika kwa mkono.

Msimu ujao, mimea ikianza kuchanua, ng'oa mche mmoja wa karanga, mmoja wa njugu mawe na mmoja wa kunde. Chimba pembeni uutoe na udongo wake, usiuvute. Suuza mizizi kwenye ndoo, uilaze kwenye gunia, kisha uanze na majani. La kunde lina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. La njugu mawe, vitatu. La karanga, vinne, wawili wawili. Hapo tu karanga imeshajitenga na wenzake.

Sasa tazama mizizi. Utaona vinundu vidogo, ndimo wanamokaa bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kwenye kunde na njugu mawe vinundu vimejishika huku na huku kwenye mzizi. Kwenye karanga vimejipanga mahali maalumu: makwapani, pale mzizi mdogo unapochomoza kutoka mzizi mkubwa. Sababu yake ni hii. Katika kunde, bakteria huingia kwa kupitia vinyweleo vya mzizi. Katika karanga huingia kwa kupenya kwenye ufa mdogo unaoachwa na mzizi wa pembeni unapotoka. Ukichimba miche ya mpingo utakuta mtindo huo huo wa karanga, vinundu makwapani. Mara ya kwanza nilipoiweka mizizi ya mche wa mpingo na ya karanga pamoja kwenye sinia moja la bati nilikaa kimya kwa muda, maana nilikuwa nimelisoma jambo hilo vitabuni bila kuliamini moyoni.

Hata namna ya kuzalia chini si moja. Ua la karanga linachanua juu, kwenye kwapa la jani. Likishatungwa na kunyauka, hutoka kitu kama sindano, kinaelekea chini chenyewe, kikiwa kimebeba kizazi cha ua kwenye ncha yake. Sindano hiyo inatoboa udongo, inafika gizani, ndipo inapolala kifudifudi na ncha kuvimba ikawa ganda. Isipofika gizani, ganda halijengeki, na ndiyo maana tunapandishia udongo. Njugu mawe hainyooshi kizazi kutoka juu namna hiyo. Shina lake linatambaa chini, maua yanachanua pale pale kwenye uso wa udongo, mara nyingi mawili mawili, na kikonyo cha ua ndicho kinachorefuka na kuisukuma tumba ardhini. Ukivifukua vyote viwili siku moja, utaona ni mafundi wawili waliojenga kisima kila mtu kwa zana zake. Na wapo wa tatu: Afrika Magharibi kuna zao liitwalo kwa Kilatini Macrotyloma geocarpum, nalo linazalia chini, wala si karanga wala si njugu mawe. Tabia hii imezuka zaidi ya mara moja, katika koo tofauti, kwa sababu udongo ni ghala zuri kwa mmea unaokabiliwa na kiangazi kirefu, moto na wanyama.

Majina yetu nayo yamechangia kutuchanganya. Njugu mawe ni mwenyeji wa Afrika, na aina zake za mwituni zimekutwa pande za Nigeria na Kameruni. Karanga ni mgeni kutoka Amerika Kusini, aliyeletwa na meli za Wareno kuanzia karne ya 16. Watu waliomwona mgeni anachimbwa ardhini kama yule waliyemzoea wakampa jina la mwenyeji, ndiyo maana wapo wanaoita karanga njugu nyasa. Kenya leo ukisema njugu bila kuongeza neno, utaletewa karanga. Mgeni kachukua jina zima. Vivyo hivyo, ukiomba dengu Dodoma na ukaomba ndengu Machakos hupewi kitu kimoja. Ndengu za Kenya ni choroko za Tanzania, na dengu za Tanzania ni Cicer arietinum, mmea wa ukoo mwingine. Kwa hiyo usimhukumu mwanao kwa ukali, lugha yenyewe ilishamtegea.

Sasa tunajuaje kwa hakika, mbali na majani na vinundu? Zamani tenzi zetu za pwani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono, Lamu, Pate, Pemba. Mnakili akikosea neno, yeyote atakayenakili kutoka nakala yake atalibeba kosa hilo. Akiruka ukurasa, nakala zote zinazotoka kwake zitakosa ukurasa huo huo. Ukizikusanya nakala kumi leo na ukakuta nne zina pengo mahali pamoja, huhitaji kuambiwa na mtu kwamba zimetoka kwa babu mmoja. Ndivyo tunavyosoma DNA. Ni maandishi ya herufi nne, yananakiliwa kila kizazi, na makosa yake yanarithiwa.

Katika mikunde makosa hayo ni makubwa ya kuonekana wazi. Ndani ya jani kuna vyumba vidogo vya kijani viitwavyo kloroplasti, vyenye DNA yao wenyewe. Katika mimea mingi, maandishi hayo yana sehemu moja ndefu, herufi kama 25,000, iliyoandikwa mara mbili. Njegere, dengu, adesi ambazo Kenya huitwa kamande, pamoja na luseni ya kulishia ng'ombe, zote zimepoteza nakala moja ya sehemu hiyo. Ukurasa umerukwa. Hao ni watoto wa babu mmoja, na ndio wale wanaopenda baridi. Kunde na karanga bado wana nakala zote mbili. Kisha jenasi za Vigna na Phaseolus, yaani upande wa kunde na upande wa maharage, zina kipande kingine cha herufi kama 78,000 kilichogeuzwa, mwisho wake ukawa mwanzo. Karanga haina geuzo hilo. Mnakili aliyegeuza kurasa hizo aliishi baada ya karanga kuwa imeshashika njia yake. Kwa hesabu tulizonazo, ukoo wa karanga na ukoo wa kunde uliachana zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita.

Umeuliza kuhusu maharage na kunde, na hapa mwanao ana haki kidogo, maana ni ndugu kweli. Ni kama watoto wa shangazi na mjomba. Kunde ni wa Afrika. Jenasi ya Phaseolus yote, zaidi ya spishi 70, ni ya Amerika, na hakuna hata moja iliyokuwapo huku kabla ya safari za baharini. Babu yao wa pamoja aliishi takriban miaka milioni 8 hadi 10 iliyopita.

Ukitaka kuwatofautisha bila maabara, chuma jani la maharage ulibandike kwenye shati lako la pamba. Linanata. Chuma la kunde, linaanguka. Jani la maharage lina vinyweleo vidogo vyenye ndoano nchani, na huko nchi za Balkani watu walikuwa wakitandaza majani hayo chini ya vitanda usiku ili kunguni wanase miguu. Kisha fungua ua. Maua ya mimea hii yana bendera juu, mabawa mawili pembeni, na mtumbwi chini. Mtumbwi wa kunde umepinda kidogo tu. Wa maharage umejizungusha kama mkia wa kinyonga aliyetulia.

Mtumbwi huo umewahi kuwapotosha hata wataalamu. Choroko wana mtumbwi uliopinda sana kuliko wa kunde, basi kwa muda mrefu wakahesabiwa kuwa aina ya maharage na kuitwa Phaseolus. Aliyesaidia sana kuwarudisha kwao ni Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani, huko Usambara, na Nairobi kabla ya kwenda Kew, bustani kuu ya mimea ya Uingereza. Mwaka 1970, katika kazi ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki, alitazama chavua, vinyweleo, vishikizo vya majani na umbo la maua kwa pamoja, akasema choroko ni Vigna. Mwaka 1980 akaiingiza njugu mawe katika Vigna pia, ambayo hadi hapo ilikuwa na jenasi yake yenyewe, Voandzeia, jina lililotokana na Kimalagasi. Miaka iliyofuata DNA ikaja kumuunga mkono. Namheshimu sana mtu yule. Hakuwa na mashine ya kusoma herufi, alikuwa na lenzi, majani makavu na subira.

Sasa, kama kunde na maharage ni watoto wa shangazi na mjomba, na wote wana kromosomu 22, yaani nyuzi zinazobeba DNA, mbona hawazaani? Idadi ya kromosomu haitoshi. Chavua lazima itambuliwe na ua, iote, ifike kwenye yai, na kijusi kikubaliane na mmea unaokibeba. Miaka milioni kadhaa ya kila mmoja kunakili peke yake imeshavunja mapatano hayo. Hata ndani ya Vigna milango mingi imefungwa. Kuna spishi ya mwituni, Vigna vexillata, yenye kinga dhidi ya kiwavi Maruca anayetoboa tumba za kunde, yule anayewafilisi wakulima. Watafiti wa kunde Afrika Magharibi walijaribu kwa miaka kuipeleka kinga hiyo kwenye kunde kwa kuchavusha kwa mkono, na hawakupata. Ndiyo maana kunde inayomstahimili kiwavi huyo, iliyoruhusiwa Nigeria mwaka 2019, ilipewa jeni ya bakteria kwa njia ya maabara.

Maharage nayo yana ugomvi wa ndani. Kabla mtu hajayalima, maharage mwitu yalikuwa yameshagawanyika makundi mawili, moja Amerika ya Kati na jingine milima ya Andes, na kila kundi lilifugwa na watu wake kivyake. Yale ya punje kubwa tunayoyapenda Afrika Mashariki mengi yana asili ya Andes. Ukichavusha baadhi ya aina za kundi moja na za kundi jingine, unapata mche uliodumaa, majani yamejikunja, mizizi michache, unakufa bila kuzaa. Ni spishi moja kabisa, na bado hawaelewani.

Waliobaki nitawapitia haraka. Mbaazi, zile tunazozipika kwa nazi, ni wa upande wa kunde na maharage lakini tawi la nje kidogo, na asili yake ni India. Fiwi, ambazo Wakikuyu huziita njahi, ziko karibu zaidi na kunde. Soya iko mbali kuliko fiwi: iliachana na babu wa maharage miaka kama milioni 19 iliyopita, kisha maandishi yake yote yakarudufiwa, na ndiyo maana ina kromosomu 40. Migunga na mkwaju ni mikunde pia, ila ya matawi makubwa mengine. Kwa mpangilio uliokubaliwa mwaka 2017, jamii nzima ina matawi makuu sita na spishi zipatazo 19,500, na migunga na mkwaju zimo katika matawi mawili tofauti. Mti wa mkwaju na tumba zake za kahawia uko mbali zaidi na kunde kuliko karanga ilivyo.

Elimu hii ina kazi shambani. Bungua wa kunde, yule mdogo mwenye madoa mgongoni, akiingia ghalani atazila kunde, atazila choroko, atazila njugu mawe, kwa sababu kwake ni chakula cha nyumba moja. Akitaga juu ya punje za maharage ya kawaida, mabuu wake hufa, maana maharage yana protini inayozuia tumbo lake kusaga wanga. Kwa hiyo usihifadhi njugu mawe karibu na kunde ukadhani umezitenganisha. Ila usiifanye kanuni ya kila mdudu. Bungua mmoja wa karanga, Caryedon serratus, ni mdudu wa kwenye mikwaju, na mikwaju si ndugu wa karibu wa karanga hata kidogo. Wadudu nao hujifunza nyumba mpya.

Upande wa vinundu, kunde, njugu mawe na hata karanga hupokea bakteria ambao tayari wamejaa katika udongo wetu. Maharage yanataka kundi jingine la bakteria. Kwa hiyo kunde kustawi bila mbolea si ushahidi kwamba maharage yatastawi hapo.

Sasa punje zako za madoadoa. Shika punje moja ya kunde, uiloweke usiku mmoja, kisha uvue ganda lake jembamba kwa kucha. Ganda hilo ndilo lenye rangi. Nalo si la mtoto, ni la mama. Limejengwa na mmea uliozaa, kama ganda la yai lilivyojengwa na kuku. Kilicho ndani tu, vile vipande viwili vya rangi ya krimu na kichipukizi, ndicho chenye baba na mama. Maana yake ni kwamba chavua ya kigeni ikiingia kwenye ua la kunde nyeupe leo, punje zitakazovunwa zitabaki nyeupe. Rangi itajitokeza pale tu utakapoipanda punje hiyo na yenyewe ikazaa.

Kwa hiyo jirani yeyote wa mwaka huu hana hatia. Yamebaki mawili. Ama mbegu yako ilichanganyika na kunde nyingine, sokoni, kwenye gunia la kuazimana, au kwenye uwanja wa kupukuchulia. Ama kunde zako zilichavushwa na kunde nyingine mwaka jana au kabla yake. Kunde hujichavusha zenyewe kwa kawaida, lakini nyuki wakubwa wanaofungua ua kwa nguvu huhamisha chavua mara moja moja. Na kunde mwitu zipo pembezoni mwa mashamba mengi, zile zenye tumba nyembamba zinazopasuka na kujisokota zikikauka. Hizo ni spishi moja na kunde yako na zinazaana nayo bila taabu.

Chagua punje ishirini za madoadoa. Zipande mstari mmoja peke yake, mbali na nyingine, weka mistari kadhaa ya mahindi katikati. Usivune pamoja. Kila mche uwe na mfuko wake, andika namba. Ukifungua mifuko na ukakuta yote ina madoadoa yale yale, basi ni mbegu ngeni iliyojichanganya, na unaweza kuitunza kama aina ya pekee ukiipenda. Ukikuta mche mmoja umezaa nyeupe, mwingine nyekundu, mwingine madoadoa, basi ulikuwa na mahuluti, mama wa kunde na baba wa kunde. Punje zikiwa ndogo na ngumu, na tumba zikipasuka kabla hujavuna, baba alitoka porini, na hizo usizirudishe kwenye mbegu.

Kwa mbegu ya msimu ujao, tembea shambani kabla ya kuvuna, funga kitambaa kwenye miche kumi au kumi na tano ya kunde nyeupe uliyoipenda, uvune tumba zake peke yake na uziweke kwenye chupa kavu iliyofungwa kabisa. Za madoadoa zitakazobaki, ukishatoa ishirini zako, pika tu na nazi.